Taka Zilipolipa Kuliko Bidhaa

Mafundi wa friji na viyoyozi wanaijua vizuri gesi ya R22. Wasichokiona ni kinachotoka kiwandani inapotengenezwa: gesi nyingine, HFC-23, ambayo haina soko la maana. Kwa kila tani 100 za R22 hupatikana tani chache tu za HFC-23, kwa kawaida zisizozidi 4. Zamani viwanda vingi viliiachia hewani.

Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, ilipima madhara ya kila gesi kwa kuilinganisha na hewa ukaa. Kwa kipimo hicho, tani moja ya HFC-23 ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa.

Itifaki hiyo ilileta pia vyeti. Mradi wa nchi inayoendelea ukizuia tani moja ya hewa ukaa, au kiasi cha gesi nyingine kinacholingana nayo, ulipewa cheti kimoja. Nchi tajiri zilivinunua vyeti hivyo na kuvihesabu katika wajibu wao wa kupunguza gesi hizo.

Sasa tupige hesabu. Kiwanda kilichochoma tani 3 za HFC-23 kilipata vyeti 35,100, ilhali gharama ya kuchoma ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na bei ya vyeti. Taka zikawa zinaingiza fedha nyingi kuliko bidhaa. Mfikirie mwenye mashine ya kukoboa mpunga ambaye pumba zinamlipa kuliko mchele: atakoboa hata mchele ukikosa mnunuzi, wala hataita fundi mashine ikitoa pumba nyingi.

Wasimamizi waliliona hilo mapema. Waliviwekea viwanda ukomo wa HFC-23 inayoweza kupewa vyeti na kuvinyima vyeti viwanda vipya. Hata hivyo, takwimu zilionyesha kwamba baadhi ya viwanda vilitoa HFC-23 nyingi zaidi vilipokuwa na haki ya vyeti kuliko vilipokuwa havina. Ukomo uligeuka shabaha. Na R22 yenyewe, tusisahau, huharibu tabaka la ozoni.

Umoja wa Ulaya ulivikataa vyeti vya HFC-23 kuanzia Mei 2013.

Kwa maoni yangu, kulipa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kulipa kwa ukubwa wa madhara badala ya gharama ya kuyaondoa. Kuvinunulia viwanda matanuri ya kuchomea kungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zilikubaliana kuirekebisha Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Tangu 2020, zilizoridhia marekebisho hayo zinatakiwa kuiteketeza HFC-23 kadiri inavyowezekana. Marekebisho hayo hayatoi cheti.