Kabla ya Instagram, matajiri wa Uholanzi walijishaua kwa brashi

Siku hizi ukitaka kujua nani ana mapeni, unafungua simu tu. Gari, saa, meza ya hoteli, yote yako hapo. Lakini usidhani mchezo huu ulianza na kizazi chako. Karibu miaka 400 iliyopita wafanyabiashara wa Uholanzi waliucheza kwa turubai na rangi, na waliujua kwelikweli.

Chukua Marten Soolmans na mkewe, Oopjen Coppit. Mwaka wa 1634 walimlipa Rembrandt awachore, kila mmoja kwenye turubai yake, wakiwa wima kuanzia utosini hadi viatuni, kimo karibu sawa na cha mtu halisi. Kuchorwa hivyo kulikuwa mambo ya wafalme na makabaila. Hawa wawili hawakuwa na taji, walikuwa na pesa. Ujumbe ulieleweka: hata sisi tumefika.

Sasa cheki mavazi. Nyeusi tupu! Utauliza, kwani wanaenda matanga? Tulia. Kutia kitambaa weusi uliokolea, usiopauka haraka, kuligharimu pesa nyingi. Juu yake wakaweka kola za lesi iliyotengenezwa kwa mkono, na Marten ana mapambo makubwa kama maua hadi kwenye viatu. Aliyejua bei ya vitu alielewa bila kuambiwa.

Na wale waliochorwa kwa kikundi je? Kwa picha maarufu ya Rembrandt ya mwaka wa 1642, ile ya askari wa mgambo wa Amsterdam, wenyewe walichanga. Kila mmoja alitoa wastani wa gilda 100 hivi, huyu zaidi, yule pungufu, kutegemea nafasi yake kwenye picha. Ukitaka kuonekana vizuri, ongeza kitu.

Lakini hebu tuulize: pesa za Marten zilitoka wapi? Babake alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari Amsterdam. Enzi hizo sukari nyingi iliyofika mji huo ilitoka Brazil, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Hao huwaoni kwenye turubai. Ndiyo maana mwaka wa 2021 makumbusho ya Rijksmuseum yaliziweka picha hizi mbili katika maonyesho kuhusu utumwa.

Rembrandt naye? Alipenda maisha ya juu kama wateja wake, na mwaka wa 1656 alifilisika, mali yake ikauzwa. Mwaka wa 2016 Uholanzi na Ufaransa zilinunua picha hizo mbili kwa euro milioni 160.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ukikutana na picha inayong'aa huko mtandaoni na moyo uanze kukusuta kwamba umeachwa nyuma, usikimbilie kukopa ili ufanane nayo. Uliza kwanza nani aliilipia, na ni nani aliyeachwa nje ya fremu.