Mzazi, ukiombwa mtoto wako aingie kwenye utafiti

Umefika hospitali usiku, mtoto anachemka kwa homa, anahema kwa shida, lakini mikono na miguu yake ni ya baridi. Hata hujakaa, unaambiwa wodi hii inafanya utafiti na unaulizwa kama unakubali mwanao ashirikishwe. Wazo la kwanza tunalijua: wanataka kumfanyia mwanangu majaribio kama panya.

Sikulaumu. Ila nikusimulie utafiti mmoja uliofanyika huku kwetu.

Kuanzia 2009 hadi 2011, hospitali sita zilishirikiana katika utafiti ulioitwa FEAST: nne za Uganda, moja Kilifi nchini Kenya, na moja Muheza mkoani Tanga. Walikuwa wakichunguza watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri mwilini. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo awekewe dripu, maji mengi yaingie haraka. Nani angetilia shaka? Dripu ndiyo hata sisi wazazi huidai.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, kama kupiga kura. Wote walipata dawa, na maji ya kawaida ya polepole. Baadhi waliongezewa maji ya haraka. Baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 hadi 11 walikuwa wamefariki. Kwa wasiopewa, ni 7.

Kamati huru iliyokuwa ikipitia takwimu ilipoona hivyo, Januari 2011 kazi ikasimamishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Daktari mmoja katika wodi yake asingeiona tofauti hiyo. Watoto wanaofariki wangeonekana wamezidiwa na ugonjwa tu. Ndiyo maana hospitali nyingi ziliungana.

Tafadhali, usije ukaenda kumchomoa mwanao dripu! Watoto wenye kuhara sana hawakuwemo katika utafiti huo, na anayepoteza maji kwa kuhara anayahitaji kweli.

Kuhusu ridhaa, FEAST ilikutana na wazazi waliochanganyikiwa kama wewe usiku ule. Hali ilipokuwa ya dharura, mzazi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, kisha akaelezwa kwa kirefu mtoto alipotulia.

Kwa hiyo ukiombwa, uliza. Mwanangu atapewa nini ambacho mwingine hapewi? Nani anafuatilia usalama wake? Naweza kumtoa katikati? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo, na ukikataa tangu mwanzo, mtoto anastahili matibabu yaleyale ya kawaida bila kununiwa na mtu. Omba usomewe fomu kwa lugha unayoielewa, ubaki na nakala yako, na uangalie kama ina namba ya simu ya kamati ya maadili. Kama haina, waulize kwa nini kabla hujatia sahihi.