Sura ya 4: Mwenendo wa Maisha na Saratani ya Matiti

Sidiria haisababishi saratani ya matiti, iwe nyeusi au nyeupe, yenye waya au isiyo na waya. Noti na simu zinazofichwa ndani yake hazisababishi pia. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wanawake zaidi ya 1,500 waliokoma hedhi, wagonjwa na wazima, na haukuona tofauti iliyotokana na ukubwa wa sidiria wala saa za kuivaa. Dhana hii ina madhara: humfanya mwanamke abadilishe nguo huku chupa ya bia ikibaki mezani.

Jinsia na umri ndiyo mambo yenye uzito mkubwa zaidi, na hayabadiliki. Karibu nusu ya wanaougua hawana sababu nyingine inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliopita miaka 40. Kumlaumu mgonjwa kwa chakula chake ni dhuluma. Kumwambia amerogwa ni dhuluma kubwa zaidi, maana miezi ya kuzunguka kwa waganga ni miezi ya uvimbe kukua.

Yanayoweza kubadilika ni manne: pombe, uzito, mazoezi na kunyonyesha. Kwa sehemu kubwa yote hupitia estrojeni, homoni inayochochea seli za titi kugawanyika.

Pombe hupandisha estrojeni, na mwilini hugeuka asetaldehaidi, kemikali inayoharibu DNA. Bia, mvinyo, mnazi na gongo havina tofauti hapa. Kinachohesabiwa ni gramu za kilevi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliojumlisha tafiti 53 ulikadiria kuwa kila gramu 10 kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hivi. Asilimia hiyo haina maana ya wagonjwa 7 zaidi katika kila wanawake 100. Katika nchi tajiri, kati ya wanawake 100 wasiokunywa, karibu 9 huugua kabla ya miaka 80. Kati ya 100 wanaokunywa chupa hiyo moja kila siku, huugua karibu 10.

Uzito huhusika zaidi baada ya hedhi kukoma. Ovari zikishapunguza kazi, estrojeni nyingi hutengenezwa katika mafuta ya mwili, na mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi. Kutembea kwa kasi, kulima na mazoezi mengine ya mara kwa mara hupunguza hatari.

Kuhusu kunyonyesha, mwaka 1926 daktari Mwingereza Janet Lane-Claypon alichapisha ripoti iliyolinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na 500 wasio nayo. Wote waliulizwa maswali yaleyale: waliolewa wakiwa na umri gani, walizaa watoto wangapi, waliwanyonyesha vipi. Wasiozaa, waliochelewa kuolewa na wasionyonyesha walionekana kuwa katika hatari zaidi. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na mbinu yake ilikuwa kubwa zaidi: kabla ya kusema jambo fulani limeleta maradhi, sharti kuuliza ni wazima wangapi walifanya jambo hilohilo. Mwaka 2002 tafiti 47 za nchi 30 zilijumlishwa kwa mbinu hiyo, zikaonyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 kwa kila uzazi.

Swali la Lane-Claypon ndilo la kuwauliza wauzaji wa majani ya stafeli wanaodai kuwa yanaponya saratani. Kuua seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara si kuponya mtu; chumvi nyingi nayo huziua seli hizo. Hakuna ulinganisho wa wagonjwa uliothibitisha kuwa stafeli huponya. Maji ya limau au ya magadi, yanayodaiwa kuponya saratani kwa kuondoa uchachu mwilini, hayabadilishi uchachu wa damu, kwa sababu mapafu na figo huushikilia ndani ya kipimo chembamba, pH 7.35 hadi 7.45. Soya nayo imesingiziwa kuleta saratani ya matiti: wanawake wa Asia wanaoila kwa wingi hawaugui zaidi.

Mienendo hii hupunguza hatari, haiifuti. Uvimbe mpya, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na ngozi ya titi iliyobonyea hupimwa hospitalini, hata kwa mwanamke asiyekunywa pombe na aliyenyonyesha watoto wake wote.