Filamu ya Mapanki na Walioitengeneza

Nchini Tanzania wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Jina lake rasmi ni Darwin's Nightmare, yaani jinamizi la Darwin. Ilitoka mwaka 2004 kwa ushirikiano wa kampuni za Ufaransa, Austria na Ubelgiji, ina urefu wa dakika 107, na ilirekodiwa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Mwongozaji wake ni Hubert Sauper, aliyezaliwa Austria mwaka 1966 na kufanya makao yake Ufaransa.

Wazo lilimjia mwaka 1997, alipokuwa akishughulikia filamu yake ya awali, Kisangani Diary, juu ya wakimbizi wa Rwanda waliokwama katika misitu ya Kongo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishuhudia ndege mbili kubwa za mizigo. Moja ilikuwa imeleta tani 45 za njegere kavu kutoka Marekani kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Nyingine ilikuwa inaruka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki.

Samaki huyo ni sangara. Hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaliana kwa wingi na kumaliza spishi nyingi za furu, jamii ya samaki wadogo waliokuwa na spishi mamia ziwani. Viwanda vya Mwanza vikaanza kumchuna minofu kwa soko la Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndicho mapanki: huuzwa, hukaangwa na kuliwa, au husagwa kuwa chakula cha mifugo.

Sauper alifanya kazi na kamera ndogo na mwenzake mmoja, Sandor Rieder. Amesimulia kwamba ili kuingia viwanja vya ndege, walijifanya marubani na wapakiaji mizigo. Ukaribu huo unaonekana katika picha: marubani kutoka Urusi na Ukraine wakinywa na kuimba, mlinzi wa usiku akiongea gizani, watoto wa mitaani wakigombania wali, wanawake wakianika mapanki yaliyojaa funza.

Lililoipa filamu hii sura ya pekee ni namna ilivyopangwa. Hakuna sauti ya msimulizi wala mtaalamu anayefafanua takwimu. Picha ya minofu inayofungashwa inafuatwa na ya mapanki. Mkutano wa wageni kutoka Ulaya wanaosifu viwanda unakaa karibu na habari za njaa. Mtazamaji ndiye anayeunganisha. Suala la silaha zinazodaiwa kuletwa na ndege hizo za samaki nalo limejengwa hivyohivyo. Hakuna bunduki inayoonekana ikishushwa Mwanza. Yupo rubani anayesimulia, kwa uzito mkubwa, jinsi alivyowahi kupeleka zana za kivita Angola kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za Ulaya.

Ulaya iliipokea kwa tuzo nyingi, ikiwemo César ya Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ikashindania Oscar. Tanzania ilikasirika. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliilaani hadharani kwamba inaichafua nchi, Mwanza kukawa na maandamano, na mwandishi wa habari aliyeonekana katika filamu akakamatwa na kuhojiwa. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika makala, kisha kitabu, akidai watazamaji wamehadaiwa. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu, hasa kwa kudai kuwa watoto walilipwa waigize, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi.

Hukumu hiyo haikumaliza swali la mapanki: je, kuyala ni dalili ya njaa? Anayenunua nyama inayotoka mnada wa ng'ombe wa Pugu, Dar es Salaam, anajua kwamba steki huenda hotelini, na utumbo na makongoro huliwa mtaani kwa hamu. Kula kilichobaki si ushahidi wa njaa peke yake. Hapo filamu inamwacha mtazamaji wa mbali aamini zaidi ya alichoonyeshwa. Hata hivyo funza walikuwa funza, na macho ya mama mmoja katika filamu, aliyesimama katikati ya gesi ya amonia ya mapanki yanayooza, hayakuigizwa. Kumkamata mwandishi hakukusafisha chanja hata moja ya kuanikia mapanki.

Sauper aliendelea na mtindo wake. Kwa ajili ya We Come as Friends, ya mwaka 2014 kuhusu Sudan Kusini, alijitengenezea ndege ndogo na kuirusha kutoka Ufaransa. Epicentro, ya mwaka 2020, ilimpeleka Kuba.

Baadhi ya watu katika filamu ya mapanki wanazungumza Kiswahili. Msomaji anayetaka kuihukumu aitazame yote, awasikilize watu wa Mwanza kwa lugha yao, ndipo aseme.