Ua Jekundu la Askari

Vita Vikuu vilipokwisha mwaka 1918, askari wengi wa Uingereza walirudi kwao vilema, na wengine hawakupata kazi. Basi mwaka 1921 vyama vyao vinne viliungana kuwa kimoja, kiitwacho British Legion. Tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, maua mekundu ya kitambaa yaliuzwa, mfano wa yale yaliyoota penye makaburi ya Flanders. Fedha zikawafaa askari wenye shida na jamaa zao.

Mwaka 1922 karakana ilifunguliwa London, vilema wakayatengeneza maua wenyewe. Ua lilikatwa vipande vyepesi kuungika, hata mwenye mkono mmoja aliweza. Hivyo walikula kwa jasho lao, wala si kwa kuombaomba. Msaada ulio bora humrudishia mtu heshima yake.