INJINI MOJA KUTOKA PIKIPIKI NNE

Nchi Jirani: Uganda

Tunaandika kutoka mashamba ya chai ya Toro, magharibi ya Uganda. Sisi ni mafundi wanne wa karakana. Kazi yetu ya kila siku ni matrekta na mashine za kiwanda cha chai. Tawi letu limetuomba tueleze jinsi tulivyoifufua pikipiki ya chama, na jinsi tulivyokosea kwanza. Tunaeleza yote mawili, kwa sababu kosa letu lilimgharimu mwenzetu, na hatupendi limgharimu mwingine huko kwenu.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL185S, ya aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1979. Ni pikipiki ya njia mbaya: imeinuka, matairi yake yana meno, na gurudumu la mbele ni la inchi 21. Katibu wa tawi huitumia kuzungukia kambi za wachuma chai, na usiku imekwisha kubeba wagonjwa wengi kwenda zahanati. Ilipoanza kutoa moshi wa buluu na kushindwa mlima, wengine walisema iuzwe kama chuma chakavu. Lakini bei ya mpya ilikuwa mbali na mfuko wa tawi. Wanachama wakachanga, tukanunua mbovu mbili: XL185S nyingine iliyokatika fremu, na XL125S iliyokaa miaka mingi nyuma ya ghala.

Sura moja, vipimo mbalimbali

Ukiziweka injini ya 185 na ya 125 juu ya meza, utadhani ni mapacha. Usidanganyike. Silinda ya 185 ina upana wa milimita 63, na pistoni yake husafiri milimita 57.8, ujazo wake ni sentimita za ujazo 180. Ile ya 125 ina upana wa milimita 56.5 na mwendo wa 49.5; ujazo wake ni 124. Kwa hiyo pistoni, silinda na krenki ya 125 havina kazi kwa 185. Kwa upande mwingine, XR200 iliyotoka mwaka 1980 ina mwendo ule ule wa 57.8, ila silinda yake ni 65.5. Hao ndio ndugu wa karibu, ingawa majina yao hayafanani.

Tulichofunzwa hapa ni kwamba kipuri hakichaguliwi kwa sura wala kwa jina. Kinachaguliwa kwa kipimo. Kutoka kwa 125 tulichukua sahani za klachi baada ya kupima kila moja unene na upana, zikalingana na zetu. Kutoka kwa 185 ya pili tulichukua gia, kwa kuwa zetu zilikuwa zimelika pembe za meno yake ya kushikana, na gia ya tatu ilikuwa ikiruka. Silinda tuliipima juu, katikati na chini, kwa pande mbili, maana silinda huliwa ikawa na umbo la yai. Ilibidi ikachongwe mjini na kufungwa pistoni mpya iliyozidi nusu milimita.

Kosa letu

Katika injini hii kamshafti haikai juu ya beringi za gololi. Inazunguka ndani ya aluminiamu yenyewe. Nusu ya kikalio chake iko kwenye kichwa cha silinda, na nusu iko kwenye kifuniko cha juu. Kiwandani nusu hizo mbili zilitobolewa zikiwa zimefungwa pamoja. Ni mume na mke. Huwezi kumwoza mmoja wao kwa mwingine.

Kichwa chetu kilikuwa kimeliwa, maana kwa muda mrefu pikipiki ilikuwa imeendeshwa na oili kidogo. Kichwa cha ile ya pili kilikuwa kizuri, lakini kifuniko chake kilikuwa kimekufa uzi mahali pa kurekebishia valvu. Mkerezaji wetu angeweza kuukata upya kwa siku moja. Sisi tukawa na haraka. Tukafunga kichwa cha pikipiki moja na kifuniko cha nyingine. Kamshafti ilipozungushwa kwa mkono ilikaza kidogo mahali pamoja. Tukasema, "Itajizoeza yenyewe."

Haikujizoeza. Siku ya tisa katibu alikuwa njiani kwenda kumtetea mchuma chai aliyeachishwa kazi. Injini ikakwama mlimani. Alimaliza safari kwa miguu, akafika saa za kikao zimepita, na shauri likaahirishwa kwa wiki mbili. Mwenzetu huyo alikaa wiki mbili zaidi bila mshahara, naye ana watoto. Alipotukuta karakanani hakutulaumu hata kidogo, na hilo lilituuma kuliko lawama.

Mara ya pili

Kichwa kizuri tulikuwa tumekiharibu kwa mikono yetu. Tulichanga sisi wanne kutoka mishahara yetu, tukanunua kwa fundi mmoja wa mjini kichwa cha pikipiki ya nne pamoja na kifuniko chake mwenyewe. Tulikaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, tukizungusha kamshafti kwa vidole kila mara. Ilizunguka laini, bila kukaza na bila kucheza. Valvu tulizisaga, kisha tukamwaga petroli kwenye tundu za kichwa na kusubiri. Haikuvuja hata tone.

Tunawaachia mambo haya:

Vinavyoweza kutumika vikiwa vikuukuu, baada ya kupimwa: gia, mifuniko ya pembeni, sahani za klachi, na krenki, ikiwa konrodi haichezi hata kidogo juu na chini. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida.

Visivyorudiwa kamwe: gesketi, sili za oili, ringi za pistoni, na vibanio vya pini ya pistoni. Kibanio kikuukuu kikiruka, kinaichana silinda yote. Mnyororo wa kamshafti nao nunua mpya.

Visivyotenganishwa: kichwa na kifuniko chake.

Kabla ya kuwasha: safisha chujio la waya na kile kikombe cha krenki kinachokamata uchafu wa oili kwa kuzunguka, kwa sababu injini hii haina chujio la karatasi. Ukikisahau, uchafu wa zamani utaila kazi mpya.

Baada ya kuwasha tuliiendesha polepole kwa kilomita 500, bila kuilazimisha mlimani, kisha tukabadili oili. Moshi wa buluu umekwisha. Shauri la mwenzetu lilisikilizwa siku iliyopangwa upya, katibu akifika nusu saa kabla ya wakati, na mwenzetu akarudishwa kazini.

Ndugu, fedha za wanachama zikiwa mikononi mwa fundi ni amana. Fundi akisikia chuma kikikaza, asiseme kitajizoeza. Afungue tena, hata kama jua limekuchwa na watu wanamngoja mlangoni.