BAISKELI YA UMEME IKIPOTEZA NGUVU: MOTA ISHUKIWE MWISHO

Baiskeli ni chombo kilichokwisha kubeba majeshi vitani. Mwishoni mwa mwaka 1941 na mwanzoni mwa 1942, askari wa Japani waliteremka rasi ya Malaya wakitumia maelfu ya baiskeli, na tairi zilipopasuka waliendelea kwa rimu tupu. Baiskeli ya umeme haina uvumilivu huo. Ikipoteza nguvu njiani hugeuka mzigo mzito, na aghalabu mwenyewe huilaumu mota, akatoa mshahara wake kununua nyingine, kumbe kosa lilikuwa katika plagi iliyolegea.

Ndugu askari, mlinzi mwema hafyatui risasi kabla hajamtambua adui. Vivyo hivyo, umeme hauna budi kufuatwa tangu chanzo chake: betri, viungo vya nyaya, swichi za breki, kidhibiti cha mwendo, na mwisho kabisa mota.

Betri ya lithiamu ya volti 36, yenye seli 10 zilizofuatana, huwa na volti 42 ikijaa. Ya volti 48, yenye seli 13, huwa na volti 54.6. Lakini kipimo cha betri iliyopumzika chaweza kudanganya. Itazame mita ya usukani wakati wa kupanda kilima. Volti zikianguka ghafla na mota ikazimika, kisha zikarudi baada ya kusimama, basi betri imechakaa au kuna kiungo kibovu. Plagi iliyopata joto kali au yenye weusi wa kuungua ndiyo mwizi wa nguvu.

Breki nayo ina siri yake. Katika aina nyingi, kishikio cha breki kina swichi inayokata umeme wa mota. Swichi hiyo ikinasa au ikiingia maji ya mvua, mota haitatii amri yoyote. Zima umeme, chomoa plagi ya swichi hiyo, kisha washa na ujaribu gurudumu likiwa limeinuliwa. Mota ikizunguka, mkosaji amepatikana. Swichi itengenezwe au ibadilishwe. Baiskeli isirudishwe barabarani bila hiyo.

Mota ikiunguruma na kushtukashtuka, zichunguze nyaya zake. Mota nyingi za gurudumuni huwa na nyaya nene tatu za nguvu na nyembamba tano za vihisio. Zitazame hasa pale zinapoingia kwenye ekseli, kwani nati zikilegea ekseli huzunguka na kuzikata.

Kipo na kipimo kisichohitaji chombo. Ondoa betri, tenganisha mota na kidhibiti, nyaya zisigusane, kisha zungusha gurudumu kinyumenyume. Likiwa zito na la kukwama, huenda nyaya za mota zimeungana ndani. Likiwa jepesi, lakini likawa zito mara linapounganishwa na kidhibiti, basi kidhibiti ndicho kilichoungua. Na mota ikisikika ikizunguka kwa kasi ilhali gurudumu halisukumwi, yaelekea gia za nailoni zilizo ndani zimekwisha meno. Hizo hubadilishwa bila kununua mota nzima.

Kazi hii ina hatari zake. Betri itolewe kabla ya kugusa plagi za mota na kidhibiti. Fyuzi iliyoungua isiwekewe kipande cha waya. Betri iliyovimba, inayonuka au kupata joto isichajiwe wala kufunguliwa. Ihamishiwe nje, mbali na vitu vinavyowaka, ikiwa yaweza kubebwa kwa usalama. Tena betri yoyote isichajiwe karibu na vitanda wala kwenye njia ya kutokea, kwa maana moto wa lithiamu huenea upesi kuliko mtu aliyelala awezavyo kuamka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari akaguaye plagi na nati zake kila juma hatalazimika kuisukuma baiskeli yake usiku.